Nikiingia chumba cha UE (mtihani wa mwisho wa semista) kichwa kinakuwa cheupe, nikitoka majibu yote yanarudi. Nifanyeje wakuu?

Msuli Tembo aliandika:

Habari za muda huu wakuu. Naanza kabisa kwa kusema mimi sio mvivu, maana najua humu kuna watu watakuja mbio na "dogo piga kitabu" hata kabla hawajamaliza kusoma. Kitabu napiga. Niko mwaka wa pili, nasoma uhasibu, chuo sikitaji.

Ishu yangu iko hivi, kwenye diskasheni mimi ndo huwa nawaelekeza wenzangu, tunakaa vimbwetani, vile viti vya zege vya chuoni, mpaka usiku mnene natengeneza mizania kuanzia leja hadi inabalansi na watu wanaelewa kabisa, kuna mmoja alinipigia simu kunishukuru eti swali nililomwelekeza limekuja vile vile. Yeye kapata B plasi. Mimi niliyemwelekeza nimekula sapu, yaani nimefeli narudia mtihani. Yaani siku ya UE nikishaonyesha kitambulisho pale mlangoni na begi nimelitupa kwenye lile rundo la nje basi mwili unakuwa sio wangu, mikono inatoa jasho mpaka bukleti inalowa pale nilipoegemeza kiganja na wino unatambaa, moyo unapiga nausikia masikioni, tumbo nalo linadai choo dakika hiyo hiyo. Namba ya mtihani naandika fresh. Nageuza karatasi nasoma swali la kwanza, nalisoma tena, maneno nayaona ila hayaingii. Naruka la pili, hivyo hivyo. Nikiangalia pembeni jamaa kashageuza ukurasa, hapo ndo nakwisha. Halafu cha kukera sasa, nikishatoka nimekaa zangu kwenye ngazi hata soda sijanunua majibu yanaanza kuja, moja baada ya jingine, mpaka natamani kulia.

Ile kozi niliyosapu, koziweki (maksi za kazi na majaribio kabla ya UE) nilikuwa na 31 kwenye 40, yaani hata nikiandika vya kawaida tu kwenye UE nilikuwa napita.

Nyumbani ni mama peke yake, anauza mbogamboga sokoni, Bodi ya Mikopo wananilipia sehemu na nyingine anahangaika yeye. Kila akipiga simu "vipi masomo mwanangu" namjibu safi tu mama. Nikidisko, yaani nikiondolewa chuo kwa kufeli, sijui ntaanzia wapi kumwambia. UE zinaanza kama wiki ya tatu kutoka sasa na mimi nimeshaanza kuogopa sa hivi, usiku silali, rumeti kanipa Piriton nilale, mwingine kaniambia niende famasi nichukue propranolol eti watu wa udaktari wote ndo wanatumia. Mjomba yeye anasema nyota yangu imefungwa niende kijijini. Naombeni msaada kwa aliyepitia au mtaalamu. Kejeli nazo leteni ila ziwe fupi.

Kijiwe Nongwa:

Msuli tembo, matokeo sisimizi. Jina umejichagulia mwenyewe mkuu halafu unatuuliza sisi 😂

Ila pole. Nakaa hapa pembeni nisome majibu maana na mimi nna keri mbili, kozi nilizofeli nikahama nazo mwaka.

Chaki Nyeupe:

Mwanangu pole sana. Mimi nafundisha chuo na nimesimamia mitihani miaka mingi, hicho unachokielezea nakiona kila semista nikiwa nimesimama kule mbele. Kuna anayeanza kuandika dakika ya kwanza, kuna anayechora mstari pembeni ya karatasi anaukoleza tena na tena mpaka karatasi inatoboka, kuna anayeomba choo kabla hata swali hajalisoma. Na usidhani ni wale wasiosoma. Asiyejua kitu mara nyingi katulia kabisa, anaandika namba yake anaegemea kiti.

Watu wa saikolojia wamelichimba jambo hili siku nyingi. Kule Yale mwaka 1952 Mandler na Sarason walishatunga dodoso la kupima hofu ya mtihani kwa wanachuo, na mwaka 1967 Liebert na Morris wakaigawa hofu hiyo sehemu mbili: kuna mwili, yaani hayo majasho na moyo na tumbo, halafu kuna mawazo, ile sauti inayosema nikifeli mama itakuwaje, yule mbona kashageuza ukurasa. Wewe nikikusoma naona unayaogopa zaidi majasho. Kinachokula maksi ni mawazo. Ile sehemu ya akili inayofanya kazi papo hapo, unayoshikia tarakimu moja huku unatafuta nyingine, ni meza ndogo sana, ukishaijaza mama, sapu, Bodi na jamaa wa pembeni, leja huna pa kuiweka. Ndiyo maana ukitoka nje yanarudi, yalikuwepo muda wote, nafasi tu ndiyo ilikosekana. Kwa hiyo habari ya kwamba huna akili au umesahau, iondoe.

Sasa nije kwenye diskasheni zako, na hapa ndipo naona tatizo lilipo. Pale kimbwetani kuna mwenzako anakuuliza, unamjibu, akikwama unamwona usoni unarudia, daftari liko wazi hapo mbele, mnacheka. Kwenye chumba cha mtihani hakuna hata kimoja katika hivyo. Unajiandaa kwa kuongea na watu halafu unapimwa kwa kuandika, peke yako, kimya, saa ikikimbia. Mwili unakutana na kitu kigeni kila semista halafu tunashangaa ukishtuka?

Fanya hivi. Tafuta pasti pepa ambayo hujaisolvu. Kama ratiba yako inasema pepa ni saa tatu asubuhi, wewe nawe anza saa tatu asubuhi, sio usiku. Ingia darasa tupu, simu umwachie rumeti, begi liache mlangoni, kitambulisho kiweke juu ya meza, andika kwa peni utakayoendea, masaa matatu, hakuna kufungua daftari. Ukikwama kaa na huko kukwama, usitoke. Mara ya kwanza utatetemeka kweli kweli na hapo ndipo tunapopataka, rudia siku nyingine na nyingine mpaka mwili wenyewe uone hakuna jipya. Siku huna masaa matatu chukua swali moja tu, jipe dakika 35, ukimaliza ndipo ufungue desa usahihishe kwa kalamu nyekundu.

Na hiyo tabia ya kusoma desa, yaani noti za kozi, mara ya nne na ya tano iacheni jamani, inatuliza roho tu. Mwaka 2008 Karpicke na Roediger walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Science, waliwapa wanachuo wa Marekani maneno 40 ya Kiswahili chetu hiki wayakariri na maana zake, mashua likiwemo. Walioendelea kujipima kila neno hata baada ya kulipata, wiki moja baadaye walikumbuka kama asilimia 80. Walioacha kujipima neno wakishalipata mara moja, hata wale walioendelea kulisoma tu, wakaambulia asilimia 33 hadi 36 hivi. Cha kuchekesha ni kwamba walipoulizwa kabla watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalitaja kiasi kile kile, karibu nusu. Yaani mtu hawezi kujua kwa kujisikia tu kama amejiandaa, na ninyi mnaingia na huko kujisikia.

Woga kidogo hauna neno, unakuamsha. Usisubiri siku utakayoingia huna hofu hata chembe, mimi mwenyewe nikisimama kufundisha darasa jipya tumbo linanicheza.

Upako wa Asubuhi:

Ndugu hapo kuna roho ya usahaulifu na isipong'olewa hata usolvu pasti pepa zote za nchi hii hutoboa. Funga siku tatu, kisha nichek inbox nikuelekeze pa kwenda.

Kijiwe Nongwa:

Inbox tena 😂 na sadaka ya kufungulia kiasi gani mtumishi?

Nesi wa Zamu:

Kusali asali, hakuna anayemkataza, na kuna watu sala ndio inawashusha pumzi kabla ya pepa kuliko kitu chochote. Kufunga siku tatu ukaribie mtihani hapana, sukari ikishuka utatetemeka mara mbili. Na ukiona mtu anakuvuta inbox ujue kuna bei.

Nije kwenye dawa maana hapo ndo nimeshtuka. Mdogo wangu hiyo propranolol sio pipi. Ni dawa ya moyo na presha, inapunguza mapigo, kwahiyo ni kweli mtu akimeza mikono inatulia. Lakini ina masharti. Mwenye pumu ikimbana kifua inaweza kumuua, mwenye presha ya kushuka au mapigo ya chini anaweza kuanguka humo humo chumbani, na kuna dawa hazipatani nayo. Ndo maana inatakiwa daktari akupime kwanza akuandikie, sio rumeti. Halafu hata ikikukubali inatuliza moyo tu, yale mawazo aliyosema mwalimu hapo juu yanabaki palepale. Kama unaona huwezi bila dawa nenda zahanati ya chuo useme ukweli kama ulivyotuandikia sisi, na ujaribiwe wiki kadhaa kabla, sio asubuhi ya pepa.

Piriton ni ya mzio na mafua. Usingizi ni madhara yake tu sio kazi yake, na ule uzito hauishi ukiamka, unaenda nao mpaka asubuhi darasani. Sasa mtu kameza Piriton saa sita usiku, kaamka kichwa kizito, kanywa enejii mbili azinduke, moyo unaenda mbio anasema naogopa mtihani. Wengine ni enejii hizo! Kafeini inachukua kama masaa matano nusu yake kutoka mwilini, ukinywa saa nne usiku, saa tisa usiku nusu bado unayo. Wiki ya UE kunywa chai yako ya asubuhi basi.

Nenda pia wakupime damu na wakusikilize moyo. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo yanafanya moyo uende mbio na mikono itetemeke na mtu anadhani ni woga. Mara nyingi hawakuti kitu, lakini ukishajua hakuna kitu nayo inakutuliza.

Na ukiwa ndani ya chumba ikikushika, usishindane nayo. Weka peni chini. Miguu yote miwili ikanyage sakafu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu mpaka sita au saba, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hapo ndo mapigo yanashuka. Rudia kama dakika mbili hivi. Ile paniki hata iwe kali vipi kilele chake ni ndani ya dakika kumi halafu inaanza kushuka yenyewe, huwa haimuui mtu mwenye moyo mzima. Pepa lako ni la masaa matatu, dakika kumi unazo.

La mwisho na naomba usiliruke. Kama kwenye hayo mawazo ya usiku kuna hata kidogo la kwamba bora nisingekuwepo au nijidhuru, usikae nalo mpaka asubuhi, mwambie rumeti akusindikize hospitali usiku huo huo. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, na wala huandikwi jina upelekwe Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, kama wanavyotishiana huko mahosteli.

Komredi 254:

Nipo Kenya lakini wacha nichangie, hii kitu haina mpaka. Huku kwetu kwa kozi nyingi CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, ni 30 na mtihani wa mwisho 70, kwa hivyo CAT ukipita vizuri bado haujaokoka, na ukimaliza mtihani unaanza presha ingine ya kungoja kama marks zako zitapatikana ama zitapotea 😂 hiyo tuiache.

Mimi shida yangu haikuwa ndani ya chumba, ilikuwa hapo nje mlangoni. Ile nusu saa ya mwisho watu wamesimama kwa makundi, mmoja anauliza "mlisoma ile topiki ya ushuru?" na wewe hata hukumbuki kuna topiki ya ushuru, unatoa simu unatafuta noti, mwingine anasema ameskia swali la kwanza ni hilo, basi unaingia umebeba hofu ya darasa lote. Nikaamua siendi hapo mapema. Nafika wakati mlango unafunguliwa, sisalimii mtu, earphones masikioni hata kama hakuna muziki ndio mtu asiniongeleshe. Walidhani nimekuwa na madharau.

Ya pili nilipewa na mshauri wa shule, na nilimuona kama anabahatisha. Aliniambia asubuhi ya mtihani chukua karatasi, dakika kumi, andika zote unazoogopa bila kupamba, fee, mzazi, retake, kila kitu, kisha tupa. Kumbe si yeye alitunga, kuna Ramirez na Beilock wa Chicago walitoa utafiti 2011, wanafunzi walioandika wasiwasi wao kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wale walikaa tu, na waliofaidika zaidi ni wale waoga kama sisi. Mimi naandika kwa kijikaratasi cha risiti nikiwa kwa matatu. Inasaidia, si uchawi lakini inasaidia.

Na tafadhali usiskize mtu wa kukuambia ubebe mwakenya, yaani kikaratasi cha kuibia majibu, eti ikuwe ya kukutuliza tu, hutaifungua. Ukiwa nayo mfukoni utatetemeka zaidi, na msimamizi akiipata hataki kujua kama uliifungua.

Chaki Nyeupe:

Komredi umesema kweli, huo utafiti ulichapishwa. Na hilo la karatasi mfukoni nalitilia mkazo, nimeona watoto wazuri wameondoka chuoni kwa nusu ukurasa ambao hata hawakuutazama. Kikao cha nidhamu hakina huruma.

CR Mstaafu:

Wamekwambia ya akili na ya mwili, mimi nikwambie ya ofisini maana nilikuwa CR, mwakilishi wa darasa, na nimewasindikiza wengi sana huko.

Chuo chako kama vingine vyote kina mshauri wa wanafunzi na kitengo cha ushauri nasaha, wengi wanajua ni mahali pa kugombania vyumba vya hosteli tu. Nenda wiki hii, sio wiki ya pepa. Nenda asubuhi, wiki ya UE foleni inafika nje. Unaingia unasema "nina hofu ya mtihani imeshanisapisha, naomba msaada", basi, wala usiandae hotuba. Kinachosaidia ni kwamba faili lako linakuwa na rekodi kwamba ulikuja kabla. Ikitokea hali imekuwa mbaya kweli na hospitali wakaandika, kuna utaratibu wa kuomba kuahirisha mtihani ukafanya muda mwingine kama mtihani maalumu, na hapo unafanya kama mara ya kwanza, sio sapu ambayo vyuo vingi hata ukipata 90 wanakuandikia C. Lakini hiyo barua iende KABLA. Ukishakalia kiti ukasaini mahudhurio ukaona pepa gumu ukatoka, hiyo haiitwi kuugua, umefanya mtihani. Na usije ukajifungia hosteli ukazima simu. Huyo ndo wanamwandika mtoro na kuna waliodisko kwa hilo tu wakati GPA yao ilikuwa nzuri kabisa.

Kuahirisha mwaka mzima ni mambo mengine, ulizia kwanza dawati la mikopo hapo hapo chuoni pesa yako itakuwaje kabla hujasaini fomu yoyote, usije ukasikiliza stori za kwenye grupu la darasa.

Kingine kidogo. Ukibanwa na choo ndani ya chumba nyoosha mkono, utasindikizwa utarudi. Watu wanaona aibu wanajibana masaa mawili, sasa hapo unajibu maswali au unajibana?

Msuli Tembo:

Aisee asanteni, sikutegemea. Nesi nimeelewa, propranolol siendi kuchukua, Piriton nimemrudishia mwenyewe. Upako asante ila inbox siji.

Mwalimu nimejaribu leo ile ya darasa tupu na pasti pepa ya miaka ya nyuma. Wallahi mkono umetetemeka hata hakuna msimamizi, nimeshangaa, nilikuwa najua nikiwa peke yangu niko sawa. Swali la kwanza nimelikosa lote. La tatu limetoka. Ntarudi tena kesho kutwa.

Ila kuna kitu kimoja sijasema pale juu. Maswali ya hesabu hata nikiogopa vipi nikipata pa kuanzia naenda. Yanayoniua ni yale ya maelezo, anakwambia "discuss" sijui "critically evaluate" kurasa mbili. Jambo lenyewe nalijua, nikiambiwa nilielezee kwa Kiswahili naongea mpaka ulale. Ile sentensi ya kwanza ya Kiingereza ndo haiji, nafuta naandika nafuta naandika, dakika ishirini zimeenda.

Na mama je, nimwambie au nimwache?

Chaki Nyeupe:

Hilo la lugha ni la wengi kuliko wanavyokiri. Umesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari ukabadilishiwa, na hapo katikati nani alikufundisha kuandika insha ya kurasa mbili? Sisi walimu tunasahihisha tunasema hawajui kitu.

Sentensi ya kwanza usianze nayo. Fungua ukurasa wa nyuma wa bukleti, andika juu "kazi ya pembeni", shusha hoja zako kwa Kiswahili, maneno mawili matatu kila moja, dakika tano zisizidi. Zipange kwa namba. Halafu anza kuandika hoja ya kwanza kwa sentensi fupi kabisa, mtenda, kitenzi, jambo. Utangulizi acha mistari mitatu mitupu juu utarudi kuujaza ukishajua umesema nini. Ukimaliza piga mstari kwenye ile ya Kiswahili, ikishapigwa mstari haisahihishwi. Na fanya mazoezi ya hilo hilo pekee, hoja tano dakika tano, unaweza kulifanya hata kwenye foleni ya mgahawa. Kiingereza cha kupamba hakina maksi kwenye uhasibu. Mimi nikisahihisha natafuta hoja na mfano wake, sentensi zikiwa fupi ndio nazipata haraka.

Mama Watatu:

Mimi nimepita tu humu lakini hapo kwenye mama nimeona nijibu maana mimi ni mzazi na nna binti yuko chuo Mwanza.

Mwambie mama. Usimwambie "mama nitafeli", hapo utamlaza macho bure. Mwambie tarehe. Sisi wazazi wengi ratiba zenu hatuzijui baba, tunajua tu yuko chuo, kwahiyo tunapiga saa mbili asubuhi kukusalimia tukikujaza habari za ada na mjomba na ng'ombe aliyekufa, kumbe saa tatu unaingia kwenye mtihani. Mwambie mama mitihani inaanza tarehe fulani inaisha tarehe fulani, nitakuwa nakupigia mimi jioni, asubuhi usinipigie. Hatakasirika. Na ile sapu mwambie pia, kwa maneno mepesi, kozi moja nilikwama narudia, ana haki ya kujua na ukiificha ndo inakukaba usiku. Mama anayeuza mboga ameshapoteza mtaji mara ngapi akaanza upya, unadhani sapu ndo itamwangusha?

Mjomba mwambie nyota utaishughulikia likizo.

Kijiwe Nongwa:

Mama Watatu naomba uwe mama yangu na mimi. Hizi keri mbili bado hazijulikani nyumbani.

Mama Watatu:

Za kwako peleka kwa mwenyewe aliyekuzaa.

Sindano Butu:

Samahani nadandia uzi. Mimi nasoma uuguzi, pepa za kuandika naenda vizuri tu, mimi nakufa kwenye OSPE, ule mtihani wa vitendo wa kuzunguka vituo kwa kengele. Ile kengele ikilia tu nasahau mpaka jina la kifaa nilichoshika. Mwalimu amesimama na karatasi yake anaandika kitu mimi hata sijaanza, hasemi kitu, hacheki. Nesi wa Zamu kama upo naomba neno.

Nesi wa Zamu:

Nipo, nilikuwa nabadilishana zamu.

Kwanza huyo mwalimu kanyamaza kwa sababu anatakiwa kunyamaza. Mtindo huu wa vituo ulianzia Dundee kule Scotland, Ronald Harden na wenzake waliuandika mwaka 1975, na shabaha ilikuwa kila mwanafunzi apimwe kwa karatasi ile ile ya kutiki bila mwalimu kumpendelea anayemjua. Kwahiyo akiandika usidhani anaandika umekosea, mara nyingi anatiki.

Mazoezi yako yasiwe ya kusoma hatua. Waombe wenzako wawili, mmoja awe mgonjwa mmoja ashike karatasi ya kutiki na akae kimya kabisa, weka alamu ya simu ile yenye kelele mbaya, dakika tano kila kituo, mnazunguka. Sema kwa sauti kila unachofanya, "nanawa mikono, najitambulisha, naomba ridhaa", mdomo ukizoea mkono unafuata hata kichwa kikigoma. Ukifika kituoni usishike kifaa, soma karatasi ya maelekezo yote kwanza, sekunde 20 hazikupunguzii kitu. Kengele ikilia hata kama hujamaliza weka chini uhame, kile kituo kimeshafungwa na huwezi kukirudia, ukienda nacho kichwani unapoteza na cha mbele. Na kunawa mikono kufanye kila kituo chenye mgonjwa, hata kama ulinawa kile kilichopita, hiyo maksi ni ya bure na watu wanaiacha mezani kila mwaka.